Switi ni mlango tu: siku zangu 4 kwenye hoteli ya katikati ya jiji

Kadi yangu iligoma saa nne na nusu usiku, mbele ya foleni ya watu kama saba, mtoto amelala begani, mke wangu kashika mabegi mawili na lile la tatu la nepi, na dada wa mapokezi ananiangalia kwa ile sura ya huruma ambayo inauma kuliko matusi. Na chumba nilishakilipia! Wiki tatu nyuma, risiti ninayo kwenye simu. Kwa hiyo akili ikaniambia hawa wanataka kunitoza mara mbili, nikaanza kupandisha sauti kidogo, mke wangu akanikanyaga mguu.

"Kaka, hii sio hela ya chumba," yule dada akasema, taratibu kabisa. "Ni dipoziti. Inazuiwa kwenye kadi, mkiondoka inaachiwa."

Hii dipoziti ngoja niielezee maana nimegundua wengi hatuijui mpaka ituumbue. Ukifika kwenye hoteli nyingi za cheni, yaani zile ambazo jina moja unalikuta kila jiji kubwa, wanaomba kadi hata kama chumba umemaliza kulipa, na hela wanayoizuia ni ya vile vitu ambavyo unaweza kuvitumia ukiwa ndani, chakula cha kuletewa chumbani, vinywaji vya kwenye friji, kufuliwa nguo, au ukavunja tivi. Wanapiga hesabu kwa idadi ya siku, na kwenye switi wengi wanaweka juu zaidi. Hawaichukui, wanaifungia tu, ila sasa kama kadi yako ni ile inayotoa hela zako mwenyewe benki basi iliyofungiwa ni hela yako kweli kweli, huwezi kununulia hata maji, na ukishaondoka hoteli wao wanaiachia lakini benki yako ndo inajivuta, siku tatu, tano, wengine wiki na zaidi. Mwenye kadi ya mkopo yeye kinachopungua ni kile kiwango cha kukopa tu. Mi nilikuwa na ile ya kwanza, na humo niliweka hela ya safari imehesabiwa kabisa, siku hii hiki siku hii kile. Dipoziti ikaja kama mgeni ambaye hakualikwa halafu anakaa mezani wa kwanza.

Kadi ya mke wangu ndo ilituokoa. Mpaka leo akitaka kushinda mabishano yoyote nyumbani anaanza na "sawa, ila nikukumbushe nani alilipa dipoziti".

Sasa kwa nini watu wa kawaida kama sisi tulikuwa kwenye switi. Nilikuwa na semina ya siku tatu ya kazini, mke wangu yuko likizo, mtoto ana miezi 14 na anaamka kwa mwanga wa simu, simwongezei, mwanga wa simu tu. Safari iliyotangulia tulikaa chumba cha kawaida na ikifika saa mbili usiku mtoto akishalala tunazima kila kitu, halafu tunaenda kuishi bafuni. Yaani kuishi. Mi kwenye ukingo wa beseni, yeye kwenye kifuniko cha choo, tunaangalia muvi kwenye simu moja, kila mtu na kispika kimoja cha sikioni. Usiku wa pili akasema hapana, sijaolewa nije kukaa chooni, safari ijayo tunachukua vyumba viwili vyenye mlango katikati au nabaki nyumbani. Basi nikachukua switi.

Na hapa ndo nilipofanya kosa langu la pili. Niliona neno switi nikaishia hapo. Neno lenyewe ni la Kifaransa, asili yake ni kufuatana, kwamba chumba kimoja kinafuatwa na kingine, kwa hiyo kwa haki ya neno unatarajia sebule halafu chumba cha kulala. Lakini hoteli wana lugha yao. Kuna "studio switi", kuna "junia switi", na hizo nyingi ni chumba kimoja tu kikubwa wameweka kochi upande mmoja na kitanda upande wa pili, katikati kabati au hata zulia la rangi nyingine. Kuna cheni ambazo zilianza miaka ya 1980 huko Marekani, Embassy Suites ni mojawapo, wao wazo lao lilikuwa ni kila mgeni apate vyumba viwili, sebule na cha kulala. Lakini wengine walichukua neno wakaacha ukuta. Picha kwenye tovuti zilipigwa kwa ujanja hivi kwamba ukiangalia sebule huoni kitanda na ukiangalia kitanda huoni sebule, na mimi nikajijengea ukuta mwenyewe kichwani.

Tulivyofungua ule mlango wa chumba usiku ule mke wangu alisimama, akaangalia kochi, akaangalia kitanda, akaangalia kile kibao cha mbao chenye tivi inayozunguka pande zote mbili. Hakusema kitu. Akaenda kufungua mlango wa bafu, akachungulia, akasema, "Angalau safari hii beseni ni pana."

Usiku ule tulilala saa tano kwa sababu hakukuwa na la kufanya.

Asubuhi nikapiga simu ile namba kubwa ya cheni, iliyoko kwenye app, nikijua nimeenda juu kabisa kwa wakubwa. Dakika 25 za muziki. Aliyepokea alikuwa mpole sana na hakuwa na uwezo wa lolote, alikuwa anaona kwenye kompyuta vitu vilevile ninavyoviona mimi kwenye simu, akaishia kuniambia wasiliana na hoteli. Hoteli ambayo niko ndani yake! Niko orofa ya 14 natazama barabara yao! Baadaye ndo nikaja kuelewa hizi cheni zinavyofanya kazi, kwamba lile jina kubwa kwenye paa mara nyingi sio mwenye jengo. Jengo ni la mwekezaji fulani, uendeshaji pengine kapewa kampuni nyingine, na jina limekodishwa pamoja na taratibu zake, rangi za mapazia, aina ya godoro, mpaka jinsi ya kusalimia. Mambo haya sio ya leo, hoteli ya kwanza ya cheni ya Holiday Inn ilifunguliwa Memphis, Marekani, mwaka 1952 na bwana mmoja Kemmons Wilson ambaye alisafiri na familia yake kwa gari akakerwa na malazi ya njiani, bei juu halafu kila mtoto anatozwa nyongeza (huyu mzee namwelewa kabisa), na alivyotaka kuzisambaza haraka akawa anawauzia watu wengine haki ya kujenga kwa jina lile na masharti yale. Ndo mtindo ulivyoenea. Kwa hiyo ukiwa na shida ya chumba mtu wa kukutatulia yuko chini pale mapokezi, anaitwa meneja wa zamu, na ile namba kubwa ni ya mambo ya pointi za uanachama.

Lakini hata meneja wa zamu sikumfikia kwa akili yangu, nilisaidiwa. Wakati natoka chumbani nikakutana na mama mmoja wa usafi anasukuma toroli lake, mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akamchezea mtoto shavu, akauliza mmelala salama? Mke wangu akamwaga yote, mlango, ukuta, beseni, kila kitu. Yule mama akacheka.

"Nyie mnatakiwa zile za mwisho wa korido, zinazoishia na 01. Zile ndo zina mlango. Orofa zote ziko hivyo hivyo, hii namba ya mwisho ndo umbo la chumba."

Hiki kitu nilikuwa sijawahi kukifikiria. Majengo ya hoteli mara nyingi yamepangwa kama droo, chumba cha 0901 kiko juu ya 0801 na chini ya 1001, vimefanana umbo, mabomba yanapita palepale, kwa hiyo ukijua namba ya mwisho ya chumba kizuri unakiomba kwenye orofa yoyote. Akatuongezea nyingine ya bure, kwamba tusikubali orofa ya tatu hata tukipewa switi kubwa kuliko zote, kwa sababu chini yake kuna ukumbi wa sherehe. Nikamuuliza leo ana vyumba vingapi, akasema 14, na switi inahesabiwa ni chumba kimoja na nusu lakini kazi yake ni ya viwili, akasema hivyo huku anakunja taulo na wala hakuniangalia. Nilivyorudi jioni nilimwachia kitu kidogo na karatasi imeandikwa kwa jina lake, maana ukiiacha tu mezani wengine hawachukui, wanaogopa kuambiwa wameiba.

Meneja wa zamu nilimwambia sentensi mbili tu. Kwamba nina mtoto mdogo, nahitaji chumba kinachoishia na 01, sio lazima orofa ya juu, na niko tayari kulipa tofauti. Sikulalamika kuhusu picha. Nilikuwa nimejiandaa kulalamika, nilikuwa na hotuba kabisa nimeifanyia mazoezi kwenye lifti, lakini nilivyoona kabla yangu kuna baba mmoja anafoka na yule meneja uso umekuwa kama ukuta, nikaitupa hotuba. Akaangalia kompyuta, akasema buking yangu imepitia kwa mtu wa kati, tovuti ya kuuza vyumba, kwa hiyo mfumo uliniweka nyuma kwenye kugawa vyumba, waliobuk moja kwa moja na hotelini na wenye uanachama wanatangulia. Halafu akasema, "Ila leo Alhamisi, wageni wa ofisini wameshaanza kuondoka." Hoteli za katikati ya jiji zinaishi kwa watu wa kazi, Jumatatu mpaka Alhamisi zimejaa, Ijumaa wote wanarudi kwao na switi zinabaki zinatazamana, ndo maana wikiendi bei inashuka na wanakuwa wakarimu. Tukapata 1101 siku hiyohiyo saa tisa alasiri, kwa tofauti ambayo ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa.

Ule mlango sasa. Mlango wa mbao nzito, una kitasa cha kushuka chini, na kwa chini una ule ufito wenye manyoya unaogusa zulia, hivyo ukiufunga hautoi kelele ya kufunga, unatoa ile *fff* kama mtu amepumua. Usiku ule mtoto alilala saa mbili kasoro. Tukaufunga. Tukasimama upande wa pili kama wezi, tumeshikana mikono, tunasubiri alie. Kimya. Mke wangu akawasha taa. Akawasha nyingine. Akaenda akawasha tivi, sauti namba sita, akanigeukia na uso ambao sijauona tangu mtoto azaliwe, akakaa kwenye kochi akanyoosha miguu juu ya meza. Mi nikafungua laptopu nikamalizia ripoti ya semina kwa sauti yangu ya kawaida ya kugonga keyboard, ambayo kwetu imekuwa ni anasa. Ndani ya hiyo switi kulikuwa na meza ya watu wanne, tivi mbili, viti vya dirishani, mashine ya kahawa, na sahani za mapambo ambazo sijui ni za nini, na hivyo vyote ungeviondoa ukaniachia kochi na ule mlango nisingegundua.

Saa tatu na nusu mke wangu akasema naenda chooni. Akainuka. Akafika katikati ya sebule akasimama.

Choo kilikuwa kimoja. Na mlango wake ulikuwa ndani ya chumba cha kulala.

Jamani. Kwa hiyo kwenda chooni ni kufungua ule mlango, kupita hatua nne pembeni ya kitanda cha mtoto gizani, kufungua mlango wa bafu ambao wenyewe ulikuwa hauna manyoya wala adabu, na swichi ya taa ya bafu wameiunganisha na feni ya kuvuta hewa, ukiwasha taa inaanza kunguruma kama jenereta. Na ku-flashi ndo usiseme. Mke wangu alienda kwa giza, alirudi kishujaa. Mimi nilishindwa, nilivaa ndala nikapanda lifti mpaka chini kutumia choo cha lobi, saa nne usiku, na nguo za kulala juu yake koti la semina, yule dada wa dipoziti akaniona akasema "karibu kaka" na mi nikamjibu kama mtu ambaye ana shughuli muhimu. Siku zote zilizobaki ndo ilikuwa safari yangu ya usiku. Tuliwahi kumcheka mtu mmoja aliyesisitiza switi yenye choo cha wageni, kile kidogo cha sebuleni, tukasema anajidai. Hakuwa anajidai.

Halafu kuna mlango mwingine kwenye sebule, huo sikuupenda. Switi nyingi zinajengwa hivi, sebule inaweza kuungana na chumba cha jirani ili wakitaka wauze kama kubwa zaidi, kwa hiyo kuna mlango umefungwa kwa funguo ila ni mlango bado, sauti inapita. Jirani yetu alikuwa anaangalia mpira. Najua matokeo yote. Tuliviringisha taulo kubwa tukaibana pale chini na ikapunguza kama nusu, na feni ya AC tukaitoa kwenye "auto" tukaiacha izunguke muda wote, maana ile ya kuwaka na kuzima ndo inaamsha mtu, ila ikizunguka mfululizo sikio linaizoea na inafunika mengine. Hiyo ilitusaidia hata na magari ya taka, ambayo katikati ya jiji yanakuja saa kumi alfajiri wakati barabara iko wazi, yanabinua yale mapipa ya chuma. Orofa ya 11 inasikia. Wanasema panda juu uepuke kelele, mi naona bora kuuliza dirisha linaangalia upande gani, upande wa nyuma wanakoshushia mizigo huko hata orofa ya 20 utawajua madereva kwa sauti.

Kuhusu dawa na friji. Mtoto alikuwa na dawa ya maji ya kukaa kwenye baridi. Friji ya chumbani ilijaa vinywaji vyao, nikatoa chupa tatu nikaziweka juu ya kabati nikapanga dawa na maziwa, mzazi mwenye busara. Siku ya kuondoka bili ina vinywaji tisa. Kumbe baadhi ya hizi friji zina sensa, ukiinua chupa ikakaa nje kidogo imeshahesabiwa kwamba umeinunua, na nilikuwa nazitoa na kuzirudisha kila siku. Hizi minibaa zilipata umaarufu mwaka 1974 Hong Kong kwenye hoteli ya Hilton, na wakati huo mtu alikuwa anapita chumbani kuhesabu chupa kwa macho, sasa inahesabu friji yenyewe na haina macho. Kuzifuta haikuwa shida, walipeleka mtu akaangalia akakuta chupa zote ziko, ila nilisimama pale dakika 20 na teksi inasubiri. Na yule aliyekuja kukagua akaniambia kitu ambacho kilinichosha, kwamba kuna vifriji vitupu stoo kwa ajili ya watu wenye dawa, ungepiga simu tu tungekuletea, bure. Kwenye kitabu cha chumbani hakijaandikwa. Nimekisoma chote.

Umeme pia, kile kidude cha ukutani unachoweka kadi ya mlango ndo taa ziwake. Ukitoka na kadi AC inazima, soketi nyingi zinazima, na ukimwacha mke na mtoto ndani unawaachia giza, kwa hiyo omba kadi mbili ukiwa mapokezi, usingoje mpaka uwe unabishana mlangoni nani aende na ipi.

Usiku wa tatu kengele ya moto ililia. Saa nane usiku. Sio ile ya mbali, ni spika iko ndani ya chumba juu ya kitanda, na kila baada ya muda sauti ya mwanamke aliyetulia mno inasema tumia ngazi usitumie lifti. Nikiri kwamba sikujua ngazi ziko wapi. Kwenda chooni mara zote nilikuwa natumia lifti, siku zote hizo nimepita ile korido na sijawahi kugeuza shingo. Nyuma ya mlango kuna ramani ndogo ya kutokea na mimi nilikuwa nimeifunika na koti la semina. Mke wangu ndo alijua, kwa sababu yule mama wa usafi anatumia mlango ule na wao walikuwa wameshakuwa marafiki. Tulishuka orofa 11 mtoto kifuani kwake, mi nimebeba viatu, sijui kwa nini viatu, sikuvaa hata kimoja. Ilikuwa moshi wa jikoni tu, dakika 30 barabarani na blanketi, tukarudi.

Lakini sikulala. Nikakaa sebuleni nikawa nasoma mambo ya moto wa hoteli, ambalo ni jambo la kijinga kufanya saa tisa usiku ukiwa hotelini. Nikakutana na habari ya Winecoff, hoteli iliyokuwa Atlanta, Marekani, orofa 15, imeungua Desemba 7, 1946, wakafa watu 119. Walikuwa wanajitangaza kwamba jengo haliungui. Na kuta zenyewe hazikuungua kweli, lilibaki limesimama, ila lilikuwa na ngazi moja tu ya katikati na haikuwa na milango ya kuzuia moshi, kwa hiyo ile ngazi ikageuka dohani, moshi na moto vikapanda orofa kwa orofa na watu wakawa hawana pa kupita. Nikainua macho nikaangalia mlango wetu wa nje, ule mzito unaojifunga wenyewe kila saa na kutubana vidole, ambao tangu Alhamisi nilikuwa nauzuia kwa kiatu ili nipitishe kigari cha mtoto na mara nyingine nakisahau kiatu pale. Unajifunga kwa sababu ya moshi. Nikaenda nikakitoa kiatu. Halafu nikatoka na soksi nikahesabu milango kutoka kwetu mpaka ngazi, kulia, sita, kwa sababu kwenye moshi huoni kibao utapapasa ukuta tu. Nikajaribu na ule wa ngazi kama unafunguka. Ulifunguka, na mlinzi aliyekuwa anashuka akaniuliza kama niko sawa.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimejanjaruka kidogo, usiku wake nikapiga chini nikaomba tutoke saa nane badala ya saa sita, wakakubali hapohapo kwa sababu ilikuwa Jumapili. Ukiomba asubuhi yenyewe wameshagawa vyumba kwa wasafishaji na jibu linakuwa gumu. Mtoto akapata usingizi wake wa mchana, mlango umefungwa, na sisi tukapaki mabegi sebuleni tukiongea kama watu. Yule mama alipita kutuaga, akamkuta mke wangu amepiga magoti anatafuta soksi moja ya mtoto chini ya kochi. Akasema msihangaike, hizo kochi ni kitanda ndani yake, soksi zote zinaenda kulala humo. Akalivuta mara moja tu. Soksi ilikuwepo, pamoja na nyingine nne ambazo sio zetu.

Dipoziti ilirudi siku ya nane, meseji ya benki ikaingia niko kazini, nikaitazama kwa mapenzi.

Wiki iliyopita kuna safari nyingine imejitokeza, jiji lingine, cheni ileile. Mke wangu akasema simu nipe mimi. Akapiga hotelini moja kwa moja, sio ile namba ya muziki, akaweka spika. Akauliza dipoziti ni kiasi gani na wanazuia kwa kadi gani. Akauliza kati ya sebule na kitanda kuna mlango, mlango wenyewe sio pazia sio kabati. Akauliza friji tupu. Kaka wa mapokezi anajibu vizuri tu, ndio dada, ndio dada, upo dada. Halafu akamuuliza, "Na samahani kaka, choo mtu anaingilia wapi? Sebuleni au kwenye kitanda?"

Kimya. Tukadhani imekata.

"Dada," akasema, "nipe dakika tano nikapande nikaangalie."